Mpaka Mmoja Uliobaki Mabishoni

Nchi ya Mabishoni haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake wamejitahidi sana isiwemo. Wapima ardhi waliowahi kufika huko walipokewa vizuri, wakalishwa maboga na kunde mpaka wakashindwa kuinama, kisha wakasindikizwa hadi mwisho wa nchi huku vyombo vyao wamebebewa. Watu wa Mabishoni hawana chuki na wapimaji. Wanachosema ni kwamba mpaka ukishachorwa kwenye karatasi hauwahitaji tena wenyewe, na mtu asiyehitajiwa hata na mpaka wake, aamke asubuhi kwa ajili ya nini?

Mbaruku Tindwa alifika huko mara ya kwanza akiwa kijana, mchuuzi wa vitambaa, akakaa msimu mzima. Mara ya pili alikwenda akiwa mzee. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika, na yeye amebaki katika mji ambao kila nyumba ina ukuta na kila ukuta una vipande vya chupa juu yake. Jirani yake wa kushoto alifariki, na Mbaruku akapata habari kwa kuona turubai la msiba limefungwa. Hapo ndipo alipofunga mzigo wake. Alikuwa na hamu ya kusikia majirani wakigombana, na ugomvi aliokuwa akiutamani ulipatikana Mabishoni peke yake.

Maana huko sheria ya ardhi ilikuwa hii. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, ulianza Msimu wa Mipaka. Majirani walikutana pale mashamba yao yanapogusana, huyu upande huu na yule upande ule, wakagombana mbele ya ofisa aliyeitwa Msikizi. Walitakiwa wapaze sauti, kwani Msikizi aliketi mbali kidogo na kigoda chake, na lile asilolisikia halikuhesabiwa. Kugusana kulikatazwa. Mama wa mtu hakutajwa. Mengine yote yaliruhusiwa. Wakimaliza, Msikizi alisimama akatangaza kwamba mpaka uko hai, na yule aliyecheka kwanza kati ya wale wawili ndiye aliyetoa chakula cha mchana.

Mpaka usiposikika msimu mzima ulikuwa umekufa, na mashamba mawili yakawa moja. Hilo nalo lilikuwa na matumizi yake. Mtu asiye na mtoto, kama alimpenda jirani yake, ilifika siku akaja mpakani akakaa kimya, na jirani akaangua kilio kwa kuwa ameelewa kwamba amerithishwa. Vijana wa mashamba yaliyopakana wakioana, wazazi waliuacha mpaka ufe. Lakini vifo vya namna hiyo vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikumbukwa kwa jina. Sheria ilitaja hata jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, yaani mipaka yote ya nchi kufa kwa pamoja. Hapo ardhi ingekuwa pori, na pori ni mali ya yeyote atakayetangulia kuweka uzio. Watoto walifundishwa kifungu hicho pamoja na kile kinachokataza kuuza mwezi, wakavicheka vyote viwili.

Katika safari yake ya ujanani Mbaruku alifikia kwa Shekuwe na mkewe, Bi Mwanamkasi, waliokuwa na shamba la mtama katikati ya bonde. Upande wa machweo walipakana na Fumbwe, na kati yao palikuwa na ukanda wa mchaichai usiofika upana wa mkeka. Huo ndio uliogombewa. Shekuwe alikuwa mtu mpole, basi kazi ya kugombana aliichukua mkewe, na kusema kweli aliipenda. Siku ikikaribia alipika huku midomo inacheza, anapanga maneno. Fumbwe naye alionekana akizunguka shamba lake, akiwajaribishia ng'ombe matusi ya mwaka huo. Siku yenyewe watu walitoka mashamba ya mbali kuja kuwasikiliza. Mbaruku alikaa juu ya mzigo wake wa vitambaa akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Fumbwe ndiye aliyeshindwa kujizuia kucheka, akachinja kuku, na wakati wa kula akampakulia Bi Mwanamkasi shingo na firigisi bila kumuuliza, kwa kuwa alijua anachopenda. Jambo hilo dogo Mbaruku aliishi nalo miaka yote.

Safari ya pili alipanga afike kabla ya msimu kwisha. Aliposhuka bondeni alijua pana kasoro, maana alisikia ndege. Zamani, katika majuma yale, hakuna aliyesikia ndege Mabishoni. Watu aliokutana nao njiani walimsalimu kwa sauti ya chini, wakatabasamu, wakapita. Wawili walikuwa wamesimama pande mbili za mpaka wao wakiulizana hali, na kila mmoja akimjibu mwenzake kwamba hajambo kabisa, anashukuru. Mbaruku alidhani kuna mgonjwa jirani.

Bi Mwanamkasi alikuwa mzee sasa, mjane, lakini macho yake yalikuwa yaleyale. Alimtambua mgeni wake akiwa bado mlangoni, akamwita shemeji, akamkumbusha kitambaa chekundu alichomuuzia kikachuja rangi katika nguo zote. Hilo lilimfariji Mbaruku kuliko maji aliyopewa. Baadaye alipouliza kwa nini bonde liko kimya hivi, yule mama alitazama nje kwanza, kisha akampa habari zote bila kupaza sauti.

Ilikuwa imegundulika kwamba chini ya bonde kuna gesi. Aliyewaletea habari hiyo alikuwa wakala wa Kampuni, Bwana Murua, mtu wa adabu zilizopita kiasi. Alivua viatu nje hata pale alipoambiwa asivivue. Alijua majina ya wajukuu wa watu. Alichotaka ni kukodishiwa kilicho chini ya ardhi, hicho tu, na cha juu kingebaki kuwa chao, isipokuwa pale ambapo kisingeweza kubaki. Alianza kwa kumwendea kila mtu peke yake. Kwa Bi Mwanamkasi alisema kwamba Fumbwe ameshakubali na kwamba itakuwa vibaya shamba lake moja kuzuia maendeleo ya wenzake. Kwa Fumbwe alisema Bi Mwanamkasi ameshakubali. Wote wawili hawakuwa wamekubali chochote, nao walikuja kuugundua uongo huo katika ugomvi wa msimu uliopita, kila mmoja alipomwita mwenzake msaliti kwa sauti kubwa, Msikizi akisikiliza.

Basi watu wa Mabishoni walishtuka, wakafanya jambo la busara. Walianzisha Umoja wa Wenye Ardhi, wakaapa kwamba hakuna atakayezungumza na Kampuni peke yake. Wangekodisha wote au wasingekodisha, kwa masharti mamoja, na sharti la kwanza lilikuwa kwamba hapana mtu atakayehamishwa. Kwa ajili ya sharti hilo Bi Mwanamkasi aliapa wa kwanza. Shekuwe alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, na yeye mwenyewe alikuwa ameshapachagua mahali pake kando ya mumewe. Aliogopa jambo moja tu duniani, kuondolewa pale akiwa hai.

Mwenyekiti wa Umoja alikuwa Bwana Ngoshani, na ifahamike kwamba alikuwa mwaminifu. Hakuhongwa, hakulala, alikonda kwa kazi. Bwana Murua aliupokea Umoja kwa furaha. Alisema ndivyo alivyokuwa akiomba siku zote, kwani Kampuni hupenda kuzungumza na watu wenye sauti moja. Alikuwa na wasiwasi mdogo tu, akaomba radhi kwa kuutaja. Wakubwa zake walikuwa wamesikia kwamba watu wa nchi hii hupigiana kelele mipakani. Je, Kampuni itapitisha vipi bomba katikati ya watu wanaogombana? Hakudai lolote. Alisema tu kwamba limemhuzunisha.

Umoja ulijadili huzuni ya Bwana Murua, ukapitisha azimio kwamba mpaka mkataba utakapotiwa sahihi, hakuna mwanachama atakayegombana na mwanachama. Na kwa kuwa wote walikuwa wanachama, Msimu wa Mipaka wa mwaka huo ulifika, na sasa ulikuwa ukielekea kwisha kimya.

Mbaruku alipelekwa kuona moja ya mikutano ya Umoja, akaitazama kwa makini kama mtu anayetazama ndugu yake aliyebadilika. Kwa kuwa ubishi ulikuwa marufuku, kila msemaji alipaswa kuanza kwa kuunga mkono aliyemtangulia. Mtu wa bondeni alisimama akasema kwamba wao wa chini wako karibu zaidi na gesi, kwa hiyo wastahili sehemu kubwa. Mtu wa mlimani alisimama akamuunga mkono kikamilifu, kisha akasema kwamba wao wa juu wana udongo mnene zaidi chini yao, kwa hiyo gesi iliyo kwao ni nyingi zaidi. Hoja zote mbili zilipita kwa kauli moja. Ilikubaliwa kodi igawanywe kwa ukubwa wa mashamba. Halafu ilikubaliwa igawanywe sawa kwa sawa. Mzee mmoja alinyanyua mkono, akafungua kinywa, uso ukamwiva, akakumbuka kiapo, akashusha mkono. Mwenyekiti akampongeza.

Msikizi alikuwepo, amekaa pembeni. Alikuwa mwanamume mwenye masikio makubwa, nayo yalionekana kulegea. Serikali ya bonde ilikuwa imempa likizo yenye heshima. Aliinuka mara kwa mara akaenda kusimama kwenye kona ya mashamba, akasubiri, akarudi.

Jioni Mbaruku alimuuliza Bi Mwanamkasi kama watu wamesahau kile kifungu cha pori. Yule mama alicheka bila furaha. Akasema hawajakisahau, walikizungumza hata mkutanoni, na ikaonekana kwamba sheria ile ilitungwa kwa ajili ya watu waliotengana, na wao sasa wameungana. Isitoshe ilikuwa ya zamani, na Bwana Murua mwenyewe alikuwa ametabasamu alipotajiwa. Naye Bi Mwanamkasi hakutaka kuwa mtu wa kwanza kuuvunja Umoja. Angekuwa na uso gani mbele za wenzake?

Baada ya hapo alichambua kunde. Kisha akasema jambo ambalo halikuhusu sheria. Akasema mwaka mzima hakuna mtu aliyemwita kwa jina lake kwa hasira. Wanamwita mama, wanamwita mwanachama. Tangu Shekuwe afe, aliyebaki kumjua tangu usichana ni Fumbwe, na sasa Fumbwe anampita mpakani akimwinamishia kichwa. Alisema hivyo akilia, wala hakujificha.

Mbaruku aliwaza sana maneno hayo. Siku ya mwisho ya msimu ilikuwa kesho yake, na mkutano wa kutia sahihi ulipangwa keshokutwa, siku aliyoichagua Bwana Murua mwenyewe kwa kisingizio cha kutowaharibia watu mapumziko. Asubuhi, wakati wa uji, Mbaruku alitumia haki iliyokuwa ya zamani kuliko Umoja. Huko Mabishoni mgeni aliyetoka mbali hakatazwi kile kilichomtoa kwake. Kumnyima ni aibu isiyofutika.

"Shemeji," alisema, "ukiniuliza nimefuata nini huku, nitakwambia ukweli. Nimekuja kukusikia ukigombana na Fumbwe. Sina jingine."

Bi Mwanamkasi aliweka bakuli chini. Halafu akafunga leso kiunoni, akatoka, wala hakuchukua bakora yake. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mchaichai akasimama, na Mbaruku akamfuata nyuma akijaribu kutokimbia. Ng'ambo, Fumbwe alikuwa akipiga mpini wa jembe. Aliona leso iliyofungwa kiunoni, akaacha kazi.

"Wewe Fumbwe," alianza yule mama, na sauti yake ilikwaruza kwanza, halafu ikafunguka. "Huo mpini unaoupiga ni wa nani? Babu yako aliingia bonde hili na jembe tupu. Mpini aliazimwa na babu yangu, na mpaka leo haujarudi."

Fumbwe alitazama kushoto na kulia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kula na ameahidi kufunga. Kisha akaja.

"Ulikuwa na mchwa," alisema. "Mpini wenu ulikuwa na mchwa, wakala ghala letu lote. Mimi ndiye ninayekudai. Nipe ghala langu."

"Ghala ulilijaza lini wewe, hata likaliwa? Mtama wako ndege wanaupita wakiuonea huruma. Hata chai unayokunywa unanusa mchaichai wangu kutoka huko huko, kwa uvivu wa kupanda."

"Mchaichai wako nisiunuse vipi na uko kwangu? Kila mvua ikinyesha unatambaa. Umeufundisha. Kila kilicho chako kina tabia yako, Mwanamkasi binti Ngwere, hata majani."

Alipomtaja jina na la baba yake, yule mama alifumba macho kidogo. Halafu wakaanza kweli. Walizungumzia mbuzi aliyekufa, harusi ambayo mmoja hakualikwa na mwingine hakuhudhuria, pilau iliyoungua, na jinsi Shekuwe alivyozoea kukohoa. Hakuna lililoachwa. Mbaruku alikaa chini kwenye majani, akasikia ujana wake unamrudia wote, na sauti ya mkewe, na ya watu wengine ambao hawakuwahi hata kufika nchi hii. Mara akamwona Msikizi anakuja mbio kwa miguu ya kizee, kigoda kwapani, machozi yanamtoka. Aliketi mbali kidogo, kama ilivyotakiwa, akasikiliza mpaka mwisho.

Aliyecheka kwanza alikuwa Bi Mwanamkasi. Walikula kunde zake, watatu na Msikizi wa nne. Fumbwe aliomba jambo hili lisifike kwa Mwenyekiti, na wote wakakubali kwamba halitafika.

Kesho yake watu wote wa bonde walikusanyika uwanjani. Bwana Ngoshani alisoma masharti ya Umoja kwa sauti iliyotetemeka kwa fahari. Bwana Murua alisikiliza hadi tamati, akapiga makofi, akasema ni masharti mazuri kuliko yote aliyowahi kuyasikia. Alikuwa na swali moja, na aliomba asamehewe ikiwa linaudhi. Alitaka kujua anazungumza na nani. Aliambiwa anazungumza na wenye ardhi. Akainamisha kichwa kwa heshima, kisha akaomba Msikizi asimame awataje wenye ardhi, kwa sheria ya nchi yenyewe, yaani wale ambao mipaka yao ilisikika katika msimu uliomalizika jana.

Watu waligeuka kutazama barabarani, na ndipo walipoona mikokoteni ya Kampuni imepangwa, imejaa marobota ya seng'enge. Ilikuwa pale tangu alfajiri. Bwana Ngoshani alisema kwamba haiwezekani, sheria ile ni ya zamani. Bwana Murua alimjibu kwa upole kwamba yeye ni mgeni, na mgeni huheshimu sheria za mwenyeji, hasa zile za zamani.

Msikizi alisimama. Alisema amesikia mpaka mmoja, kati ya Mwanamkasi binti Ngwere na Fumbwe.

Kwa mara ya kwanza Bwana Murua alikosa tabasamu. Lakini mtu yule hakuwa mjinga. Alifikiri kidogo, akaomba fimbo, akachora chini mstari mmoja. Akauliza, ikiwa katika nchi nzima kuna mpaka mmoja tu ulio hai, upande wa mawio wa mpaka huo wote ni wa nani? Na upande wa machweo wote? Wazee wa sheria walishauriana, wakakuna vichwa, na kwa kuwa sheria haikuwa na mlango mwingine wa kutokea, wakajibu. Nusu ya nchi ilikuwa ya Bi Mwanamkasi. Nusu ilikuwa ya Fumbwe. Wengine wote, pamoja na Mwenyekiti, walikuwa wamesimama katika ardhi za watu.

Bwana Murua aliwapongeza wale wazee wawili kwa moyo wake wote. Akasema kuzungumza na watu wawili ni raha kuliko kuzungumza na mia.

Hapo kila mtu alimtazama Bi Mwanamkasi. Alikuwa mwanamke maskini aliyeamka na nusu ya nchi, na kaburi la mumewe sasa lisingeguswa na mtu yeyote mpaka yeye aseme. Alichotaka duniani amekipata na kimezidi. Angeweza kwenda nyumbani akalala.

"Msikizi," aliuliza, "mpaka uliokufa huweza kuzaliwa upya siku yoyote?"

"Siku yoyote, wakitaka wawili. Mmoja akigomba na mwenzake akamjibu."

Bi Mwanamkasi akawageukia watu. "Basi mnasubiri nini? Mimi hapa mwizi wa ardhi zenu. Njooni mnigombeze."

Walikuja. Mwanzoni walikuja kwa haya, kwa kuwa walikuwa wamepoteza mazoea, na mwanamke mmoja aliomba samahani kabla ya kutukana, akaambiwa arudie. Halafu ule mwaka mzima wa kunyamaza ukawatoka. Walimgomba alasiri yote na siku zilizofuata, shamba baada ya shamba, naye alimjibu kila mmoja, akimtajia baba yake na ng'ombe wake na deni la chumvi la bibi yake, mpaka sauti ikamkauka na ikabidi Msikizi asogeze kigoda karibu. Upande wa mawio wote mipaka ilizaliwa tena. Bi Mwanamkasi alibaki na shamba lake lilelile la mtama, na kaburi, na ukanda wa mchaichai. Hakuonekana kujuta hata kidogo.

Upande wa machweo watu walikwenda kwa Fumbwe. Walimkuta ndani. Walisimama uani wakaanza kumgomba, na wengine waligomba vizuri sana, vizuri kiasi cha kutosha kulitoa jiwe machozi. Fumbwe hakutoka. Aliwatumia chai. Baadaye alimtuma mkwewe kuwaambia kwamba hana ugomvi na mtu, wote wakae walipo kwa hisani yake, na mwenye shida aje amweleze. Hakuna aliyeweza kugombana na mtu anayemkaribisha chai, na mpaka hauzaliwi kwa sauti moja.

Kwa nini alifanya vile? Mbaruku aliwahi kumuuliza. Fumbwe hakukasirika. Alisema paa lake linavuja, magoti yanamuuma, na kila mwaka alikuwa akitumia mwezi mzima kuwaza maneno ya kulinda kipande cha ardhi ambacho hata mkeka hakikufika. Alikuwa amechoka. Kampuni ilimwahidi uzio unaojilinda wenyewe, usiku na mchana, bila kusema. Alimtazama Mbaruku kama anayeomba aeleweke, na Mbaruku, aliyekuwa ametoka katika mji wa kuta, alimwelewa vizuri kuliko alivyotaka.

Fumbwe alitia sahihi. Umoja ulimwandikia azimio la kusikitika, nalo lilipingwa na wengi, kwa kuwa wa upande wa mawio walikuwa wameshaanza kupingana tena. Bwana Ngoshani alisema gesi haijui mpaka, kwamba itakayonyonywa kwa Fumbwe ndiyo hiyo iliyo chini yao wote, na kwamba sasa hawana cha kukodisha. Safari hii alibishiwa na watu wote, lakini alikuwa anasema kweli. Kampuni haikurudi tena kubisha hodi upande wa mawio. Haikuwa na haja.

Seng'enge ilivutwa sambamba na mchaichai, imenyooka, inang'aa. Mbaruku alikuwa ameahirisha safari yake mara kadhaa, na siku moja kabla ya kuondoka Bi Mwanamkasi alimwambia wafuatane. Sauti yake ilikuwa imerudi. Alifunga leso kiunoni. Walisimama mbele ya uzio, na ng'ambo Fumbwe alikuwa amekaa barazani pake, amevaa viatu vipya.

Akaanza kwa mpini wa babu. Aliusema wote, na mchwa akawaweka mwenyewe, ili kumrahisishia. Fumbwe aliinuka, akaja mpaka kwenye waya, akavua kofia. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka michache, na katika maisha yao yote hakuwahi kumwamkia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema.

Bi Mwanamkasi hakuitikia. Alimwambia kwamba ni mvivu, na kwamba baba yake alikuwa mvivu kabla yake.

"Ni kweli, Bi Mkubwa."

Akamwambia kwamba mwaka wa njaa alimnyima mbegu.

"Ni kweli. Tulikukosea sana. Ukiwa na haja ya chochote sasa, mtume mtoto."

Alisubiri kidogo, kofia mkononi, kuona kama kuna jingine. Lilipokosekana aliinamisha kichwa, akamtakia Mbaruku safari njema, akarudi barazani.

Bi Mwanamkasi alisimama pale mpaka Mbaruku akamshika mkono. Alisema yule aliyekuwa pale hamjui, na kwamba sasa hakuna mtu aliyebaki hai anayejua aibu zake zote. Alilia kama alivyolia siku ya mazishi ya Shekuwe, au zaidi.

Mbaruku alitaka kumsaidia. Alijua kinachohitajika, akajivuta hatua nyuma, akapaza sauti, akamwita kwa jina lake na la baba yake. Yule mama alinyanyua uso, akangoja. Mbaruku alitafuta neno baya la kumwambia, neno lake peke yake, ambalo lisingemfaa mwanamke mwingine yeyote. Alikuwa mgeni. Hakulipata, akamwambia pole.